Gari la kisandukuni: liunde kabla unyevu wa pwani haujalila

Marehemu ami yangu alikuwa baharia. Aliporudi safari moja aliniletea kisanduku kilichofungwa kwa nailoni nyembamba, juu yake picha ya Volkswagen Beetle. Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki vya kuunda gari hilo kwa udogo. Ami mwenyewe aliwahi kumiliki Volkswagen nyeupe hapa Mombasa na hakuchoka kuisimulia barazani. "Ukishaliunda nionyeshe," aliniambia.

Sikuliunda. Nilikiona kisanduku kizuri mno kuchanwa. Nikajiambia kwamba kikikaa kitapanda bei, nikakiweka juu ya kabati, kikakaa miaka kumi na minne. Kila ami akija nyumbani alikuwa akiuliza, nami nikimjibu, "Bado ami, nangoja nafasi." Baada ya khitma yake ndipo nilipokishusha nikakata ile nailoni. Karatasi ya maelezo ilikuwa na madoa ya kuvu. Stika zilikuwa zimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Tairi zilikuwa zimelalia kipande cha kioo cha mbele, zikakiyeyusha na kuacha juu yake alama ya michoro yao, kama gari lililopita kwenye matope. Kosa halikuwa la aliyetengeneza wala la aliyeuza. Lilikuwa langu mimi, pamoja na hewa yetu hii ya chumvi na joto.

Tangu siku hiyo nimeunda magari kadhaa, nimeharibu baadhi, na nimeulizwa maswali mengi na vijana na hata watu wazima wenzangu. Makala haya nimeyaandika ili yawe mahali pa kurejea kwa yeyote hapa pwani aliye na seti ya kuunda, au anayetaka kuanza. Nitaeleza vijigari hivi vilitoka wapi, vinaundwaje, na vinatunzwaje katika hali ya hewa yetu. Neno langu kubwa ni moja: kwetu sisi, seti iliyofichwa haihifadhiki. Iliyoundwa ndiyo inayodumu.

Modeli ni nini hasa

Modeli ya gari ni mfano wa gari la kweli uliopunguzwa kwa kipimo maalumu. Haiji ikiwa tayari kama gari la kuchezea la dukani. Huja vipandevipande, na kazi ya kuviunganisha, kuvipaka rangi na kuvipamba ni yako wewe.

Vipande hivyo hutengenezwa kwa plastiki iitwayo polistirini. Chembe zake huyeyushwa kwa moto, kisha husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma iliyochongwa umbo la kila kipande. Ikishapoa, kalibu hufunguliwa na vipande hutoka vikiwa vimeshikana kwenye fremu, mfano wa zabibu kwenye kikonyo chake. Kuchonga kalibu ndiyo gharama kubwa ya kiwanda, kwa hiyo kalibu moja inaweza kutumiwa kwa miongo mingi, ikitoa seti ile ile kwa picha mpya juu ya kisanduku. Jambo hili likumbuke, maana tutalirudia tukizungumzia bei.

Vipimo vinavyotumika zaidi kwa magari ni 1/24 na 1/25. Maana ya 1/24 ni kwamba gari la kweli ni refu mara 24 kuliko modeli yake. Gari la mita 4.8 litakuwa na urefu wa sentimita 20. Kipimo hiki kilitokana na hesabu za Kiingereza: futi moja ya gari la kweli huwa nusu inchi ya modeli. Wamarekani wa zamani walipendelea 1/25, nao Wajapani wakashika 1/24. Tofauti kwa macho ni ndogo, lakini ukitaka magari yako yakae sawasawa kwenye rafu moja, chagua kipimo kimoja ukishike. Vipo pia vipimo vikubwa vya 1/12, ambapo hata waya za plagi huonekana, na vidogo vya 1/32 na 1/43.

Vilitoka wapi

Nchini Uingereza, kampuni ya Airfix ilianzishwa mwaka wa 1939 na Nicholas Kove, mzaliwa wa Hungary. Mwaka wa 1949 ilitengeneza modeli ya trekta la Ferguson, ambayo kwanza ilikuwa ya wauzaji wa matrekta kuwaonyeshea wateja wao. Baadaye ikauzwa kwa watu wote ikiwa vipande vya kujiundia.

Marekani nako mambo yalianzia kwa wauza magari. Kampuni ya AMT ilianzishwa mwaka wa 1948 huko Michigan, jimbo la viwanda vya magari. Jina lake ni kifupisho cha maneno yenye maana ya modeli za alumini, ingawa haikuchukua muda ikahamia plastiki. Ilitengeneza vijigari vya kuwekwa kwenye maduka ya magari ili mteja aone umbo na rangi za toleo jipya. Mwaka wa 1958 ilikuja na fikra iliyobadilisha kila kitu. Seti moja ikawa na vipande vya ziada, na mwenyewe aamue: aliunde gari kama lilivyotoka kiwandani, alirembe kwa namna yake, au aligeuze la mashindano. Kijana ambaye hakuwa na uwezo wa kununua gari la kweli aliweza kuwa nalo mezani kwake, tena kwa umbo alilolitaka yeye. Revell ya California na Monogram ya Chicago zilikuwa kwenye soko hilo hilo.

Ila mji ambao leo hutajwa kuliko yote ni Shizuoka, Japani. Ni eneo la mafundi wa mbao tangu zamani, na humo Yoshio Tamiya alianzisha biashara ya kupasua mbao mwaka wa 1946. Kampuni yake ikaingia kwenye modeli za mbao, na mwaka wa 1960 ikatoa modeli yake ya kwanza ya plastiki, manowari Yamato. Mwaka wa 1967 ilitoa gari la mashindano la Honda RA273 kwa kipimo cha 1/12. Mwanawe, Shunsaku Tamiya, alijulikana kwa kutafuta usahihi bila kuchoka. Alipotaka kutengeneza modeli ya Porsche, alinunua Porsche 911 na kuifungua kipande kwa kipande ili aone kila kitu kilivyokaa. Hasegawa, Aoshima na Fujimi nazo zimetoka mkoa huo huo, na kila mwezi wa Mei hufanyika hapo maonyesho makubwa ya modeli.

Msomaji wa pwani asione mambo haya ni ya kigeni mno. Kutoka mbao hadi umbo dogo la chombo kikubwa ni njia tunayoijua. Mafundi wa Lamu huchonga majahazi madogo yenye tanga, omo na tezi kamili. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila misumari, hausafiri tena baharini. Wengi wetu tunaujua umbo lake kwa sababu kuna watu waliouunda kwa udogo. Na nani kati yetu hakuburura gari la waya au la kopo la mafuta alipokuwa mtoto? Sisi tuliunda modeli kabla ya kuona kisanduku.

Magari yanayotuhusu

Ukitaka kuanza na gari lenye maana kwetu, tazama mashindano ya Safari. Yalianza mwaka wa 1953 kwa jina la East African Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na kwa miaka mingi njia yake ilikuwa ikiteremka hadi Mombasa. Wazee waliosimama kando ya barabara kuyaona magari hayo yakipita na vumbi lake bado wapo mitaani mwetu.

Volkswagen, lile la ami, ilishinda Safari mwaka wa 1954, 1957 na 1962. Joginder Singh, Mkenya, alishinda mwaka wa 1965 kwa Volvo PV544, kisha mwaka wa 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Edgar Herrmann alishinda mwaka wa 1970 kwa Datsun 1600 SSS na mwaka wa 1971 kwa Datsun 240Z, gari jekundu lenye boneti nyeusi isiyong'aa ili jua lisimpige dereva machoni. Shekhar Mehta alishinda kwa 240Z mwaka wa 1973, akaongeza ushindi mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Kampuni ya Hasegawa imetoa magari hayo mawili ya Datsun, 1600 SSS na 240Z, kwa kipimo cha 1/24 pamoja na stika za Safari. Jina la nchi yetu limo katika visanduku vya Japani, nasi wengi hatuna habari.

Vifaa vya kuanzia

Usidanganywe kwamba lazima ununue karakana nzima. Kwa gari la kwanza unahitaji vitu hivi:

- Koleo ndogo ya kukatia, yenye ncha nyembamba na upande mmoja bapa.
- Kisu chembamba chenye wembe wa kubadilisha.
- Msasa wa aina tatu au nne: namba 400, 800, 1500 na 2000.
- Kibano cha kushikia vipande vidogo.
- Gundi ya plastiki, ile ya majimaji yenye brashi ndani ya kifuniko.
- Gundi nyeupe ya karatasi kwa ajili ya vioo.
- Rangi, brashi mbili, na vibanio vya nguo vya kushikilia vipande.

Gundi ya plastiki haifanyi kazi kama gundi nyingine. Huyeyusha kidogo nyuso mbili za polistirini, zikachanganyika na kuwa kitu kimoja. Kwa hiyo shikanisha vipande kwanza, kisha gusa brashi kwenye mstari wa maungio, na gundi itajipenyeza yenyewe. Ukijaza gundi nyingi utayeyusha gari. Gundi ya haraka, ile ya kubandikia viatu na kila kitu, isikaribie vioo. Mvuke wake huacha ukungu mweupe usiotoka.

Kwa wanaoagiza ng'ambo, jueni kwamba makopo ya rangi ya kupuliza na gundi zinazoshika moto kwa kawaida hazipokewi kwenye mizigo ya ndege. Agiza seti, rangi itafute hapa. Maduka ya rangi za magari huchanganya rangi yoyote utakayo, ila rangi hizo zina kiyeyushi kikali kinachoweza kupasua plastiki tupu. Paka kwanza praima kwa tabaka nyembamba, na kabla ya kugusa gari, jaribu kwenye kipande cha fremu iliyobaki. Na unapopiga hesabu, usitazame bei ya seti peke yake. Nauli na ushuru vinaweza kuipita.

Hatua za kuunda

Soma maelezo yote kwanza. Najua hatupendi. Lakini modeli ya gari ina mpangilio wake, na kipande kilichotangulia kubandikwa kinaweza kumzuia mwenzake.

Osha fremu zote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kisha zianike kivulini. Kiwandani plastiki huweza kubaki na mafuta ya kuisaidia kutoka kwenye kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta.

Kata vipande unavyovihitaji kwa hatua hiyo tu. Kata mara mbili: ya kwanza mbali kidogo na kipande, ya pili karibu. Kilichobaki kimalize kwa msasa. Ukikata mara moja kwa pupa, utang'oa sehemu ya kipande chenyewe.

Jaribu kila maungio bila gundi. Pakiwa na mwanya, tia puti, ngoja ikauke, piga msasa. Angalia pia mistari myembamba iliyoinuka kwenye bodi, ambapo pande mbili za kalibu zilikutana. Gari la kweli halina mistari hiyo. Iondoe kabla ya rangi, kwa sababu rangi inayong'aa haifichi kosa, bali huliangazia.

Bodi ipake tabaka nyembamba nyembamba. Tabaka moja nene hutiririka na kuziba michoro ya milango. Acha ikauke siku nzima kabla ya kuishika, hata kama kidole kinakwambia imekauka. Kumbuka pia kanuni hii ya mafundi: rangi yenye kiyeyushi kikali haipakwi juu ya ile iliyo laini kuliko yenyewe. Ukipaka rangi ya magari juu ya rangi ya mafuta, ya chini itakunjamana kama ngozi ya maziwa.

Injini, viti na dashibodi viunde pembeni wakati bodi inakauka. Vipande vilivyopakwa kromu, kama bampa na rimu, vikwangue kidogo pale gundi itakapogusa, kwani gundi ya plastiki haishiki kromu. Ikiwa kromu imechakaa na unataka kuiondoa yote, loweka kipande kwenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Vaa glavu, fungua madirisha, na usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya kusafishia.

Stika huja mwisho. Hizi ni stika za maji. Kata moja, itumbukize kwenye maji ya uvuguvugu kwa nusu dakika hivi, iache juu ya kitambaa mpaka iteleze, kisha isukume taratibu kutoka kwenye karatasi hadi mahali pake. Futa maji chini yake kwa pamba, ukianzia katikati kwenda pembeni.

Hewa yetu na madhara yake

Vitabu na video nyingi za kazi hii zimetengenezwa na watu wa nchi za baridi. Wao huhangaika na rangi isiyokauka. Sisi tuna matatizo mengine, na hapa ndipo wengi wanaponiuliza.

La kwanza ni rangi kugeuka nyeupe. Kiyeyushi kinapokauka haraka hupoza uso wa rangi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, maji yake hutua hapo kama umande, na gari jekundu hufanya utando wa maziwa. Usipake wakati wa mvua za mwaka, wala alfajiri wakati umande upo. Msimu wa kaskazi, hasa Januari na Februari, ndio bora, na saa nane au saa tisa mchana ni salama kuliko asubuhi. Utando ukishatokea usikate tamaa. Ngoja siku kavu, puliza tabaka nyembamba ya rangi ile ile, na mara nyingi huondoka.

La pili ni stika kugeuka manjano. Hapa jua letu ni dawa. Tia karatasi ya stika kwenye mfuko wa plastiki angavu uliofungwa, ibandike dirishani ikitazama jua, na uitazame kila siku. Umanjano hufifia kwa siku au majuma kadhaa. Ndivyo nilivyookoa stika za Volkswagen ya ami.

La tatu ni tairi. Tairi nyingi za modeli ni za vinili iliyolainishwa kwa mafuta maalumu. Mafuta hayo hutoka polepole, na yakigusa polistirini huiyeyusha. Joto huyaharakisha. Siku unaponunua seti, toa tairi uzitie kwenye mfuko wake peke yake, mbali na vioo na bodi. Hata ukishaunda, paka rimu rangi vizuri kabla ya kuvika tairi, ili pawe na kizuizi kati yao.

La nne ni kuvu na kutu. Kuvu hupenda kadibodi. Weka ndani ya kisanduku vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na usikiegemeze kwenye ukuta wa nje wala kukiweka chini ya bati. Visu na koleo vifute kwa mafuta ya cherehani, la sivyo hewa ya bahari itavila kabla ya mwaka kwisha. Modeli iliyokamilika iweke kwenye kabati la kioo mbali na jua la dirishani. Jua lile lile linalotibu stika hufifisha rangi ya gari.

La tano linahusu afya yako. Mvuke wa gundi na rangi unadhuru. Fanya kazi penye upepo, na ujue kwamba barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii mvuke. Inatakiwa ile yenye vichungi vya rangi ambayo mafundi wa magari huvaa. Mtoto asiachiwe gundi wala wembe peke yake, na kiberiti kisikaribie meza.

Kukusanya na kuunda

Wapo wakusanyaji ambao hawaundi. Hununua, huweka, na huuza. Sina ugomvi nao, lakini nawaomba wajue hesabu yake.

Thamani ya seti ya zamani hutegemea mambo manne: umri wake, uzima wa kisanduku, ukamilifu wa vipande, na je, kalibu yake bado ipo? Hili la mwisho ndilo linalowaangusha wengi. Majina ya AMT na MPC yamepita mikononi mwa wamiliki kadhaa, na leo yote mawili yako chini ya Round 2, ambayo hutoa tena seti za zamani. Siku seti inapotolewa upya, ile uliyoificha kwa matumaini huweza kushuka bei, kwa sababu mtu aliyetaka kuunda tu atanunua mpya.

Halafu kuna hilo la hewa. Mkusanyaji wa nchi kavu yenye baridi anaweza kuacha kisanduku kikiwa kimefungwa kwa miaka thelathini. Sisi tukifanya hivyo bila chumba chenye kudhibiti unyevu, tunahifadhi picha ya juu ya kisanduku huku vilivyo ndani vikiharibika. Tena hatuwezi kutazama bila kukata nailoni, na tukiikata bei inaanguka. Ni biashara ambayo kwetu ina hasara pande zote mbili.

Ushauri wangu kwa anayependa kukusanya ni huu. Usiwe na seti nyingi kuliko unazoweza kuunda katika miaka miwili au mitatu. Fungua kila kisanduku siku kinapofika, hesabu vipande kwa kufuata maelezo, tenganisha tairi, piga picha karatasi ya maelezo na stika. Andika kwenye daftari umeipata lini, kwa bei gani, na kwa nini umeitaka. Ukikosa jibu la hilo swali la mwisho, huenda hukuihitaji.

Kuna faida nyingine ambayo haimo kwenye hesabu za bei. Kijana, wa kike au wa kiume, aliyeunda gari moja hujua injini inakaa wapi, ekseli inashikwa na nini, na kwa nini kipande fulani hutangulia kingine. Hujifunza pia kukaa na kazi moja jioni nyingi bila kuitupa. Nimeona mzazi na mtoto wakizungumza mezani wakiwa wameshika msasa, mazungumzo ambayo wasingeyafanya wakitazamana uso kwa uso.

Ile Volkswagen

Niliiunda. Ilinichukua miezi mitatu, nikaipaka nyeupe kama ile ya ami. Kioo cha mbele nilikisugua kwa msasa wa namba 2000, kisha kwa dawa ya meno, ila alama ya tairi haikutoka yote. Ukiinamisha gari kwenye mwanga unaiona bado, pembeni upande wa dereva.

Nilimpelekea mke wa ami. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama ndani kama anayetafuta mtu. "Ndiyo yenyewe," alisema. "Hata usukani ndio ule." Kisha akauliza kwa nini sikumwonyesha mwenyewe. Sikuwa na jibu la kumpa.

Ndugu msomaji, ikiwa juu ya kabati lako kuna kisanduku ulichopewa na mtu anayekupenda, kishushe leo. Toa tairi uziweke mbali na vioo, hesabu vipande, osha fremu ya kwanza. Na ikiwa aliyekupa yu hai, mwite akae nawe mezani.